Kutoka viti 47 hadi 67: mwongozo kamili wa kupima nguvu za vyama katika Seneti ya Kenya

Machi 2013, matokeo ya uchaguzi yakitangazwa kidogo kidogo, nilikuwa na daftari la hesabu nililomnyang'anya mpwa wangu. Kila kaunti ilipopata seneta, nilichora kistari chini ya jina la chama chake. Vistari vilipofika 47 nikajiona bingwa. Asubuhi nikaenda kibandani kwa mama chapati nikatangaza: ODM 11, TNA 11, wamefungana. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa uchaguzi akashusha kikombe chake cha chai.

"Mwanangu, hujamaliza. Na wale ishirini umewaweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuwa nalo Agosti 2027. Unahitaji daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Usisubiri televisheni ikufanyie kazi hii. Vituo vingi huhesabu kaunti 47 kwa mbwembwe, na ikifika kwenye viti vya uteuzi watu washachoka, kamera zishahamia kwingine.

Kabla hatujaanza, neno kwa wasomaji wa Tanzania: Bunge la Muungano lina chumba kimoja tu, kwa hiyo msitafute mfano wa jambo hili Dodoma. Kenya ina vyumba viwili, Bunge la Kitaifa na Seneti, na vyote huchaguliwa siku moja. Hakuna utaratibu wa theluthi moja ya maseneta kuondoka kila baada ya miaka miwili kama Marekani. Kila baada ya miaka mitano sahani inafutwa yote, kisha inapakuliwa upya.

Hatua ya kwanza: jua viti vinatoka wapi

Kifungu cha 98 cha Katiba ya 2010 ndicho msingi. Maseneta 47 huchaguliwa moja kwa moja, mmoja kwa kila kaunti. Wanawake 16 huteuliwa na vyama kulingana na idadi ya viti vya kaunti ambavyo kila chama kimeshinda. Vijana ni wawili, mwanamke na mwanamume. Watu wenye ulemavu ni wawili, vilevile mwanamke na mwanamume. Jumla 67. Spika anakaa mle ndani lakini hapigi kura, na kura zikifungana, hoja imeanguka.

Angalia vizuri hapo penye wanawake 16. Mgawo hautokani na wingi wa kura za chama nchini. Unatokana na viti vya kaunti. Hili hubadilisha kila kitu, kwa sababu kaunti hazilingani. Sensa ya 2019 iliipa Lamu watu 143,920 na Nairobi watu 4,397,073. Seneta wa Lamu na seneta wa Nairobi wana uzito uleule kwenye mizani, ingawa mmoja anawakilisha watu mara thelathini ya mwenzake. Chama kinachotaka Seneti hakishindani kutafuta kura nyingi, kinashindana kutafuta kaunti nyingi. Mgombea akishinda Nairobi kwa kura laki kadhaa za ziada, hizo za ziada hazikisaidii chama chake hata chembe.

Tena mshindi ni yule anayeongoza tu. Hakuna sharti la asilimia 50 kama kwa rais, wala duru ya pili. Kaunti yenye wagombea sita wenye nguvu inaweza kumpata seneta ambaye wengi hawakumchagua.

Hatua ya pili: jaza safu ya 47

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza jina la kaunti, ya pili chama kilichoshinda uchaguzi uliopita, ya tatu chama kilichoshinda sasa. Jaza safu mbili za kwanza wiki moja kabla ya uchaguzi, usije ukahangaika usiku huo.

Matokeo ya seneta hutangazwa na msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, si Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura, wala makao makuu ya tume ya uchaguzi. Kwa hiyo yatakujia kwa mafungu: kaunti ndogo mapema, kubwa baadaye, na moja mbili zenye ugomvi zitakaa siku kadhaa. Usiandike chochote kwa wino mpaka tangazo rasmi litoke. Nimewahi kumpa mtu kiti kwa sababu wafuasi wake walikuwa wakicheza ngoma barabarani, nikaja kukifuta.

Na andika jina la chama, usiandike la mrengo. Mtu akikwambia "hicho ni cha Azimio" au "hicho ni cha Kenya Kwanza", muulize: kwa tiketi ya chama gani? Utaona sababu hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: gawa vile 20, na hapa tulia

Hapa ndipo mzee alinikamata, na ndipo watu wengi hukosea. Nitaifanya hesabu ya 2013 yote mbele yako.

Viti 47 vya mwaka ule vilikwenda hivi: ODM 11, TNA 11, URP 9, FORD-Kenya 4, Wiper 4, UDF 2, KANU 2, APK 2, NARC 1, FPK 1. Jumlisha uhakikishe: 47.

Sasa chukua viti vya kila chama, zidisha kwa 16, gawanya kwa 47:

ODM na TNA, kila kimoja: 11 × 16 ÷ 47 = 3.74
URP: 3.06
FORD-Kenya na Wiper, kila kimoja: 1.36
UDF, KANU na APK, kila kimoja: 0.68
NARC na FPK, kila kimoja: 0.34

Toa nambari nzima kwanza. ODM 3, TNA 3, URP 3, FORD-Kenya 1, Wiper 1. Hizo ni 11. Vimebaki viti vitano. Vipe vyama vyenye desimali kubwa zaidi: ODM na TNA zenye .74, kisha UDF, KANU na APK zenye .68. Vitano vimekwisha. Matokeo ya wanawake: ODM 4, TNA 4, URP 3, na kimoja kimoja kwa FORD-Kenya, Wiper, UDF, KANU na APK. Jumla 16.

Vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili hugawanywa kila jozi peke yake. Zidisha kwa 2 badala ya 16. ODM na TNA wanapata 0.47 kila mmoja, URP 0.38. Viti viwili, vyama viwili vya juu: kimoja kimoja. Jozi ya pili vilevile. Kwa hiyo ODM na TNA wanaongezewa viwili kila mmoja.

Daftari likasomeka hivi: ODM 17, TNA 17, URP 12, Wiper 5, FORD-Kenya 5, UDF 3, KANU 3, APK 3, NARC 1, FPK 1. Ni 67, na ndivyo Seneti ilivyokaa.

Mzee wangu alikuwa na haki ya kucheka. ODM na TNA walifungana kweli, lakini ule ulinganisho wangu haukuwa na maana. TNA, URP na NARC walikuwa wameshikana katika mrengo wa Jubilee: 30. ODM, Wiper, FORD-Kenya na FPK walikuwa mrengo wa CORD: 28. Hakuna aliyefika 34, ambayo ni nusu na kidogo ya 67. Walioshika ufunguo ni UDF, KANU na APK, vyama ambavyo mimi niliviandika chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo. Vilikuwa na kaunti sita tu kwa pamoja, na uteuzi ukavipandisha hadi tisa. Jubilee iliwavuta upande wake, na Ekwee Ethuro akakalia kiti cha Spika akiungwa mkono na mrengo huo.

Sasa toa funzo la hesabu hiyo. Kila kaunti moja ina thamani ya 0.34 ya kiti cha mwanamke, yaani kaunti tatu ni karibu kiti kimoja cha bure. Lakini desimali haina usawa. Chama chenye kaunti mbili kinapata 0.68 na hupewa kiti. Kimekua kwa nusu nzima. Chama chenye kaunti moja kinapata 0.34 na hutoka mikono mitupu. Vyama vitano vyenye kaunti moja moja havipati kitu. Chama kimoja chenye kaunti hizo hizo tano kina 1.70, na kwa kawaida hiyo ni viti viwili. Ndiyo sababu viongozi wa miungano hugombana vikali, miezi kabla ya uchaguzi, kuhusu nani asimame kwa tiketi gani. Wananchi huona ni ubinafsi. Mara nyingine ni hesabu ya darasa la sita.

Jaribu mwenyewe na 2017. Jubilee, iliyoundwa 2016 kwa kuunganisha TNA, URP na vyama vingine, ilipata kaunti 24. ODM 13. Wiper, KANU na ANC mbili mbili. FORD-Kenya, CCU na PDR moja moja, na mgombea huru mmoja, Charles Kibiru wa Kirinyaga. Fanya hesabu. Kiti cha mwisho cha wanawake kitakwenda kwa ODM kwa desimali ya .43 dhidi ya .34 ya wale wa kaunti moja. Ukimaliza utakuta Jubilee 34 na ODM 20. Thelathini na nne! Jubilee ilifika wingi wa Seneti kwa kichwa kimoja.

Na 2022 ikawa kinyume chake, kwa kiasi kilekile. UDA ilipata kaunti 23, ODM 13, Wiper 3, Jubilee 3, UDM 2, na DP, FORD-Kenya na NRA moja moja. UDA: 23 × 16 ÷ 47 ni 7.83, wanawake 8, ongeza kijana mmoja na mwenye ulemavu mmoja. Jumla 33. Ilikosa kiti kimoja. Kaunti moja tu zaidi ingeifikisha 34 na isingehitaji kumbembeleza yeyote katika kura ya kawaida. Badala yake ilibidi iwategemee wenzake wa Kenya Kwanza, na UDM, iliyoingia uchaguzini ikiwa Azimio, ikahamia upande wa serikali muda mfupi baada ya kura. Viti vyake vitatu vikahama nayo.

Jambo la kukumbuka kuhusu wateule: orodha za vyama hupelekwa kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kabla ya uchaguzi, ile ya viti 16 ikiwa ya wanawake watupu, na zile za vijana na watu wenye ulemavu zikipangwa mwanamke, mwanamume, kwa kupishana. Idadi ya viti vya chama haiamui peke yake nani aingie. Inaamua umeshuka hadi nafasi ya ngapi kwenye orodha. Kesi za uteuzi mahakamani ni nyingi kila mara. Zinaweza kubadilisha sura, lakini ni nadra kubadilisha mizani, kwa sababu kiti hubaki cha chama kilekile.

Hatua ya nne: tenga kilichobadilika kweli na kilichobadilika jina

Mgeni akisoma daftari langu la 2017 na la 2022 atadhani kulitokea mapinduzi. Jubilee ilishuka kutoka 34 hadi 4. UDA ilipanda kutoka sifuri hadi 33. Ila UDA haikuwa sifuri: ni PDR, kile chama cha kaunti moja cha 2017, kilichobadilishwa jina na rangi kabla ya uchaguzi. Chama chenye seneta mmoja kutoka Wajir kilirudi miaka mitano baadaye kikiwa kikubwa kuliko vyote, na Wajir yenyewe ikachagua UDM. Kenya ni nchi ambayo vyama huvaliwa kama kanzu za Idi.

Kwa hiyo rudi kwenye safu zako mbili za vyama, upitie kaunti moja moja ukiweka alama. Weka J palipobadilika jina tu, na K palipobadilika kweli.

Kericho: Aaron Cheruiyot alishinda 2017 kwa Jubilee na 2022 kwa UDA. Mtu yuleyule, wapiga kura walewale, J. Nandi: Samson Cherargei, vivyo hivyo, J.

Nairobi: mwaka 2017 Johnson Sakaja wa Jubilee. Mwaka 2022 Sakaja aliacha Seneti akagombea ugavana kwa UDA na akashinda, na siku hiyohiyo wakazi wa jiji wakamchagua Edwin Sifuna wa ODM kuwa seneta. K kubwa. Gavana wa mrengo mmoja, seneta wa mwingine, foleni moja.

Kakamega: Cleophas Malala wa ANC aliondoka kugombea ugavana, Boni Khalwale wa UDA akachukua. Vihiga: George Khaniri wa ANC, kisha Godfrey Osotsi wa ODM. ANC ikatoka viti vitatu hadi sifuri. Hapa kuna kitu cha kufurahisha kwa wapenda hesabu: ANC na UDA walikuwa mrengo mmoja 2022. Ukihesabu kwa chama, Kakamega imebadilika. Ukihesabu kwa mrengo wa siku ile ya kura, haijabadilika, ingawa sivyo ulivyokuwa 2017, maana wakati huo ANC ilikuwa upande wa upinzani. Andika yote mawili pembeni.

Ukifanya zoezi hili kaunti zote 47, utagundua jambo ambalo vichwa vya habari havisemi: mabadiliko mengi ya kweli hutokea pale seneta aliyekuwepo ameondoka. Ugavana una bajeti na wafanyakazi. Seneti ina hotuba. Maseneta wenye nguvu huutamani. Susan Kihika wa Nakuru, Irungu Kang'ata wa Murang'a na Mutula Kilonzo Junior wa Makueni wote walitoka Seneti 2022 wakawa magavana. Kwa hiyo ukitaka kubashiri 2027, usianze na kura za maoni. Anza na orodha ya maseneta waliotangaza kugombea ugavana au kiti kingine. Hizo ndizo kaunti zilizo wazi.

Hatua ya tano: uliza ni kura ya aina gani

Una 67 zako zimepangwa. Sasa kuna mitego mitatu, na kila mmoja una nambari yake.

Ya kwanza ni 34. Kura za kawaida huamuliwa na wengi wa waliopo na kupiga kura, kwa hiyo 34 ni kiwango cha juu kabisa, siku ambayo hakuna aliyesafiri wala kuugua. Siku ya Alhamisi alasiri ukumbi ukiwa nusu, hata 20 wanaweza kutosha. Kiranja wa chama anayejua kazi hahesabu viti, anahesabu magari kwenye maegesho.

Ya pili ni 24, nayo ndiyo inayopotosha watu wengi. Katika mambo ya kaunti, Kifungu cha 123 kinasema kila kaunti ina kura moja. Maseneta wote waliosajiliwa kupiga kura katika kaunti hiyo ni ujumbe mmoja, na kiongozi wa ujumbe, yule aliyechaguliwa, ndiye anayetamka kura baada ya kushauriana na wenzake. Wale wateule 20 ulioteseka kuwagawa hatua ya tatu wanayeyuka. ODM ya 2022 ina 20 katika kura ya kawaida lakini 13 katika kura ya kaunti. UDA ina 33 kwingine, hapa 23, tena imekosa moja kufika wingi wa 24. Kumwondoa gavana kunafuata njia hii: wengi wa kaunti zote. Mike Sonko wa Nairobi aliondolewa Desemba 2020 kwa kura 27 za kaunti.

Kwenye kura za kaunti chama hulegea. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi kuhusu fomula ya kugawa fedha kwa kaunti. Maseneta walipanga foleni kulingana na kaunti zitakazopata na zitakazopoteza, wala si kulingana na chama. Agosti mwaka ule watatu wao, Malala, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Langat wa Bomet, walikamatwa na polisi siku ya kura, jambo lililoonyesha kila kura ilivyokuwa na thamani. Suluhu ilipatikana Septemba. Ukiona mswada wa fedha za kaunti unakuja, funga daftari la vyama na ufungue la kaunti zinazonufaika.

Ya tatu ni 45, theluthi mbili ya maseneta wote, kila mmoja na kura yake. Hii inatumika kumwondoa rais au naibu wake na katika marekebisho ya Katiba yanayoanzia bungeni. Oktoba 17, 2024, Seneti ilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa makosa matano kati ya 11. Rudi uone: UDA 33 peke yake isingefika 45 hata kama kila mmoja wake angepiga kura ya ndiyo, na si wote walioipiga. Nyingi ya kura zilizobaki zilitoka kwa waliochaguliwa kuwa upinzani. Mwanzoni mwa muhula, hakuna mrengo ulioweza kuamka asubuhi ukafanya jambo hilo peke yake.

Hatua ya sita: usifunge daftari baada ya kiapo

Mizani ya Seneti huhama kati ya uchaguzi na uchaguzi, na njia zenyewe ni chache.

Kiti cha kaunti kikiwa wazi kwa kifo, kujiuzulu, hukumu ya mahakama au kuhama chama, Spika huijulisha IEBC ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90. Ikiwa imebaki miezi mitatu kufika uchaguzi mkuu, kiti hukaa wazi. Kwa kawaida chama hulinda chake: Seneta Wetang'ula wa Bungoma alipokwenda kuwa Spika wa Bunge la Kitaifa 2022, FORD-Kenya ilishinda Bungoma tena Desemba; Kipchumba Murkomen alipoingia baraza la mawaziri, UDA ikabaki na Elgeyo Marakwet Januari 2023. Lakini Machakos, Machi 2021, baada ya kifo cha Boniface Kabaka wa CCU, Agnes Kavindu wa Wiper alishinda. CCU ikafutika Seneti, Wiper ikaongeza. Kumbuka kwamba uchaguzi mdogo haugusi viti vya uteuzi. Mgawo wa wale 20 ulifungwa siku ya uchaguzi mkuu, hata chama kikipata kaunti tatu baadaye.

Mteule akitoka, anayefuata kwenye orodha ya chama chake huingia. Mizani haisogei, lakini utii wa walio ndani husogea sana, kwa sababu mteule akifukuzwa chamani kiti hakipo. Seneta wa kaunti ana watu nyumbani wa kumlinda. Mteule ana katibu mkuu wa chama.

Na kuna mihamo isiyo na kura hata moja. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta wa Jubilee na kiongozi wa upinzani Raila Odinga wa ODM walipeana mikono ngazi za Harambee House. Hakuna kiti kilichobadilika mmiliki, ila kambi ya upinzani ilianza kupiga kura na sehemu ya serikali, na sehemu nyingine ya serikali ikawa upinzani. Mei 2020 Jubilee ilimvua Murkomen uongozi wa wengi ikampa Samuel Poghisio wa KANU, kisha Seneti ikamwondoa Kithure Kindiki kwenye unaibu spika kwa kura 54 dhidi ya 7. Jumlisha Jubilee 34 na ODM 20 za hatua ya tatu. Ni 54. Usidanganyike kwamba ni vichwa vilevile, maana si wote wa Jubilee waliunga mkono na vyama vidogo vilichangia, lakini nambari ilinifanya nicheke peke yangu. Kindiki huyohuyo aliapishwa kuwa Naibu Rais Novemba 2024, katika nafasi iliyoachwa na yule aliyeondolewa na Seneti.

Hili si geni. Seneti ya kwanza ya Kenya, ya mwaka 1963, ilikuwa na viti 41, na upinzani wa KADU ulikuwa na sauti ndani yake mpaka Novemba 1964 ulipojivunja na kujiunga na KANU. Oginga Odinga na wenzake walipounda KPU mwaka 1966, sheria ilibadilishwa haraka kuwalazimisha waliohama warudi kwa wapiga kura. Kwenye uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo KPU iliambulia viti viwili tu vya Seneti. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limeamua kuuvunja ukumbi wenyewe na kuunganisha wajumbe wake na wa chumba kingine. Mkenya hakumwona tena seneta mpaka 2013.

Daftari la Agosti 10, 2027

Hiyo ndiyo Jumanne ya pili ya Agosti, kama Katiba inavyotaka. Anza sasa hivi. Andika kaunti 47 na chama kilichopo leo, si cha 2022, ukizingatia chaguzi ndogo zilizofanyika katikati. Weka nyota kwa kila seneta anayetaka ugavana. Orodha za uteuzi zikishawasilishwa kwa tume, nakili majina matano ya juu ya kila chama kikubwa, kwa sababu mama chapati atakuuliza ni nani anaingia na utataka kumjibu kabla ya redio.

Kisha andika juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu: 34, 24, 45. Na pembeni yake: 0.34.

Mzee yule bado hunywa chai palepale. Mara ya mwisho tulipoonana aliniuliza UDA ingehitaji kaunti ngapi ili ifike 45 bila mwenza. Nilitoa simu nikaanza kubonyeza. Kaunti 31 zinatoa 10.55, wanawake 11, na viwili vya jozi: 44. Kaunti 32 zinatoa 10.89, wanawake 11: 45. Nikamwambia thelathini na mbili. Akaomba chapati ya pili, akaniuliza kama hesabu hiyo itabaki vilevile wapinzani wakigawana zile 15 zilizobaki kwa kaunti moja moja.